Binti yangu anadaka lugha upesi: je, hiki ni kipaji, na nimlee vipi?

Mama mmoja wa Babati, mkoani Manyara, ameniandikia kuhusu binti yake wa miaka minane anayesoma darasa la tatu. Nyumbani wanazungumza Kiswahili, bibi mzaa baba huzungumza naye Kirangi, majirani karibu wote ni Wairaqw, na mtoto huyo sasa anacheza na watoto wao kwa Kiiraqw ingawa hakuna aliyekaa chini kumfundisha. Ustadhi wake wa madrasa anamsifu kwa matamshi, na katuni za runingani zimempa Kiingereza ambacho kaka zake wakubwa hawana. Mama anataka kujua kama hiki ni kipaji au ni uchangamfu wa kawaida wa watoto. Kama amhamishie shule ya mchepuo wa Kiingereza, tena yenye somo la Kichina, kama mjomba wa mtoto anavyoshauri. Na kama ni kweli, kwa maneno ya baba wa mtoto, kwamba vilugha vya bibi na vya mtaani vitamharibia Kiswahili na masomo kwa jumla. Ameongeza kwamba mwalimu wa darasa analalamika kuwa mtoto anachanganya lugha.

Mama, nianze na jambo ambalo huenda lisikufurahishe. Kusema lugha nne kwa mtoto wa Babati si ushahidi wa kipaji. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na ukanda wenu, kuanzia Mbulu na Babati hadi Kondoa, ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika ambako lugha zisizo na undugu kabisa zinakaa uzio kwa uzio: Kirangi, Kimbugwe na Kinyaturu ni za Kibantu, Kiiraqw, Kigorowa na Kiburunge ni za Kikushi, Kidatoga ni cha Kiniloti, na si mbali sana wapo Wasandawe na Wahadzabe wenye lugha za vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi. Watoto wa huko wamekuwa wakikua na lugha mbili au tatu tangu enzi za mababu, na wengi wao hawakuwa na vipaji vya pekee. Walikuwa na majirani. Kwa hiyo usimlinganishe binti yako na mtoto wa binamu yako aliyekulia Dar es Salaam na Kiswahili peke yake. Mlinganishe na wale wanaocheza naye ua mmoja, wenye bibi wa kabila jingine kama yeye, waliopata nafasi ileile ya kusikia.

Hata hivyo, katika barua yako kuna mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu, na hayo ndiyo yaliyonifanya nikae kuandika jibu refu. La kwanza ni kwamba, baada ya kugundua kuwa bibi husema "vaantu" pale sisi tunaposema "watu", siku moja alitaka kusema "watoto" kwa Kirangi akasema "vatoto", bibi akacheka, akamwambia kuwa husemwa "vaana". La pili ni kwamba alimweleza rafiki yake kuwa sauti ya mwisho ya "tsiyahh", yaani nne kwa Kiiraqw, ni "ile ha ya Muhammad, vile ustadhi anavyoisoma". Wewe umeyasimulia kama vichekesho vya mtoto. Kwangu mimi yana uzito kuliko idadi ya lugha anazozisema, na nitaeleza sababu.

Wataalamu wa isimu na saikolojia wamelichunguza suala hili kwa muda mrefu. Mwaka 1959 Wamarekani wawili, John Carroll na Stanley Sapon, walichapisha jaribio la kubashiri nani atajifunza lugha ya kigeni upesi na nani atachelewa, na Carroll akaeleza kwamba wepesi huo si kitu kimoja bali ni uwezo wa aina nne: kupambanua sauti ngeni na kuzihifadhi kichwani, kuhisi kila kipande cha sentensi kinafanya kazi gani, kuvumbua kanuni kutokana na mifano bila kuelezwa, na kukariri maneno pamoja na maana zake. Jaribio lenyewe lilitungwa kwa wasemaji wa Kiingereza, kwa hiyo halimfai binti yako, lakini mgawanyo huo umedumu na unatusaidia kumtazama mtoto bila ushabiki wa mzazi, kwa kuwa mtu anaweza kuwa hodari katika uwezo mmoja na wa kawaida kabisa katika mwingine.

Tuanze na sikio. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha nchini Kanada kwamba watoto wachanga wa miezi sita hivi, waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza, waliweza kutofautisha konsonanti za Kihindi ambazo wazazi wao hawakuzisikia kabisa, na kwamba kufikia mwaka mmoja uwezo huo ulikuwa umefifia, kwa sababu sikio lilikuwa limeshajipanga kwa sauti za nyumbani. Mtu aliyelelewa kwa Kiswahili peke yake husikia "h" ya kawaida tu katika "tsiyahh". Binti yako amekulia kati ya irabu saba za Kirangi, sauti za koo za Kiiraqw na herufi za Kiarabu, kwa hiyo kuzitamka vizuri kunaweza kuwa ni matunda ya mazingira tu. Kisichokuwa cha kawaida ni kwamba aliitoa sauti moja katika lugha moja, akaitambua katika lugha nyingine isiyo na uhusiano wowote na ile ya kwanza, kisha akaweza kulieleza jambo hilo kwa maneno. Watoto wengi wa miaka minane hutamka bila kujua kwamba wanatamka. Kusikiliza lugha kama kitu cha kuchunguzwa ni hatua nyingine.

Kuhusu kumbukumbu ya sauti, upo mchezo rahisi ambao watafiti wa Uingereza, Susan Gathercole na Alan Baddeley, walianza kuutumia mwishoni mwa miaka ya 1980: humtajia mtoto neno lisilo na maana, naye analirudia mara moja. Anza na fupi kama "dapeli", uende "nifetolaki", hadi "zumbakiterumo" na zaidi. Watoto wanaoweza kurudia maneno marefu ya namna hiyo huwa pia na msamiati mpana. Fanya hivyo jioni, mkichambua mchele, pamoja na watoto wengine wa rika lake, na usilete daftari la alama.

Uwezo wa kuvumbua kanuni ndio ninaouthamini kuliko yote, na ndio uliojitokeza katika lile kosa la "vatoto". Hakuna mtu yeyote aliyewahi kumtamkia neno hilo, kwa hiyo hakuliiga. Alichofanya ni kuona kwamba "wa" ya Kiswahili inasimama mahali pa "va" ya Kirangi, akaichukua kanuni hiyo akaitumia kwenye neno jipya, na kanuni yake ilikuwa sahihi ingawa neno halikuwa sahihi. Mtoto anayekariri tu hakosei hivyo, kwa sababu hathubutu kusema neno ambalo hajalisikia. Ukitaka kumwona akifanya kazi hiyo mbele ya macho yako, mwambie umebuni lugha ya nchi isiyokuwapo. Katika lugha hiyo "pela suma" ni "mtoto anakula", "pela rido" ni "mtoto analala", na "gano suma" ni "mbwa anakula". Muulize "mbwa analala" husemwaje. Watoto wengi wa umri wake watajibu "gano rido", na hapo hakuna la kushangilia. Kisha ongeza mfano mmoja tu: "suma pelako" ni "mtoto alikula". Sasa muulize "mbwa alilala". Anayejibu "rido ganoko" ametambua kutokana na mfano mmoja kwamba mambo ya jana yamegeuza mpangilio wa maneno na kwamba mtendaji ameongezewa kipande mwishoni. Na kama kesho yake atakuja na lugha yake mwenyewe, yenye kanuni ngumu zaidi, akutege wewe, basi umeshapata jibu la swali lako la kwanza bila msaada wangu.

Uwezo wa kuhisi kazi ya vipande vya sentensi ni rahisi kuuangalia kwa Kiswahili, maana lugha yetu hufungasha sentensi nzima ndani ya neno moja. Mwulize: "Nikisema 'nimekupikia', wewe uko wapi ndani ya neno hilo?" Mtoto asiyejali atacheka, na mwenye hisia ya lugha ataonyesha ile "ku". Wa nne, wa kukariri maneno na maana, ndio walimu wanaouona zaidi, nami nauweka nyuma. Unafundishika, na unategemea sana kama mtoto analipenda jambo lenyewe.

Zipo dalili zinazowadanganya wazazi, na mojawapo umeitaja kwa fahari: kwamba anaongea Kiingereza "kama Mzungu". Lafudhi ya katuni ni ya kuiga, na watoto wengi huiga vizuri sana. Kabla ya kuihesabu, angalia kama anaweza kusema kwa Kiingereza jambo ambalo katuni haijawahi kusema, kwa mfano kueleza jinsi mbuzi wa jirani alivyoingia shambani. Vivyo hivyo, sifa za ustadhi ni ushahidi wa sikio na ulimi, wala hazituambii kama anaelewa anachokisoma. Tena usitarajie kipaji hiki kiambatane na alama za juu katika kila somo. Neil Smith na Ianthi Tsimpli walimchunguza nchini Uingereza mtu aliyeweza kusoma na kuwasiliana kwa lugha zaidi ya 15, ilhali hakuweza kujitunza peke yake katika mambo madogo ya kila siku. Huyo ni mfano wa mbali, lakini hata katika maisha ya kawaida mtoto hodari wa lugha anaweza kuwa wa katikati katika hisabati, na asionekane mvivu kwa sababu hiyo.

Kwa ushahidi ulionipa, ningesema binti yako ana kipaji kinachostahili kutunzwa. Sasa nije kwenye malezi yake, na hapa mimi na mjomba wa mtoto tunaachana njia, maana yeye anafikiria kumwongezea masomo, nami nafikiria kumwongezea watu.

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani, ambamo watoto wa miezi tisa walisikilizishwa Kichina katika vipindi 12. Waliochezewa na kusomewa na watu halisi walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo, na waliowatazama watu haohao kwenye runinga hawakupata kitu. Wale walikuwa wachanga, na mtoto wa miaka minane hufaidika na runinga kuliko wao, kama binti yako alivyofaidika. Bado mwelekeo ni uleule: lugha hukua pale mtoto anapomtaka mtu fulani aelewe jambo fulani, naye akajibiwa. Hata waliokuja kusifika duniani walipita njia hiyo. Giuseppe Mezzofanti, kardinali aliyezaliwa Bologna mwaka 1774, alikuwa mtoto wa seremala, na lugha nyingi alizipata hospitalini, akiwahudumia kiroho askari wa mataifa mbalimbali waliojeruhiwa katika vita vya wakati wake. Ken Hale wa Marekani, aliyefariki mwaka 2001, alijifunza lugha za Wahindi Wekundu kwa wanafunzi aliolala nao chumba kimoja bwenini.

Binti yako tayari ana walimu wawili ambao hakuna ada inayoweza kuwanunua: bibi na watoto wa jirani. Mpe bibi nafasi ya kuwa zaidi ya mtu wa salamu. Amsimulie hadithi, amtume, amgombeze na kumtania kwa Kirangi, na mtoto ajibu kwa Kirangi hata akikosea. Mkisha kusikia hadithi, mwombe aisimulie upya kwa Kiswahili kwa kaka zake, kisha aiandike. Kazi hiyo moja ina kusikiliza, kufasiri, kupanga mawazo na kuandika kwa pamoja, na nimeona watoto wakikua kwayo kuliko kwa tuisheni ya kila jioni. Ukipenda, mnunulie daftari la maneno ambalo ni lake mwenyewe, alichore na kuligawa anavyotaka, na usimsahihishie tahajia humo.

Hapo ninajua baba wa mtoto atakunja uso, na hofu yake si ya kijinga. Kwa miaka mingi hata wataalamu waliamini kwamba lugha mbili humchanganya mtoto akili. Imani hiyo ilitikisika mwaka 1962, pale Elizabeth Peal na Wallace Lambert walipowapima watoto wa miaka kumi mjini Montreal na kukuta wale wenye umahiri wa Kifaransa na Kiingereza wakiwapita wenzao wa lugha moja katika vipimo vingi. Tafiti za baadaye zimebishana sana kuhusu ukubwa wa faida hiyo, na mimi sitamwahidi baba kwamba Kirangi kitamwongezea binti yake akili. Madhara yanayoogopwa ndiyo hayakuthibitika. Mtoto anapochelewa kusema au kusoma, apimwe masikio na atazamwe anavyofundishwa kabla ya kumlaumu bibi. Na kama baba anadhani lugha ndogo haimfai mtoto mwenye kipaji, mwambie kwamba huyo Ken Hale niliyemtaja, profesa wa Chuo cha MIT ambaye angeweza kuwafundisha wanawe lugha yoyote kubwa ya dunia, aliwalea wawili kati yao kwa Kiwarlpiri, lugha ya wenyeji wa Australia yenye wasemaji elfu chache tu.

Malalamiko ya mwalimu yanahitaji kuchunguzwa kabla ya kutibiwa. Mchunguze mtoto anachanganya na nani. Akizungumza na bibi, ambaye hajui Kiingereza, je, anamwingizia maneno ya Kiingereza? Kama hafanyi hivyo, na huchanganya tu mbele ya wenzake wanaozielewa lugha zote mbili, basi anajua vizuri mipaka ilipo na anachagua kuivuka, kama sisi watu wazima tunavyofanya kila siku maofisini na kwenye daladala. Kinachohitajika ni adabu ya mahali: darasani, akianza sentensi kwa Kiswahili aimalize kwa Kiswahili, na akikosa neno alieleze kwa maneno mengine. Mwombe mwalimu amsaidie hivyo badala ya kumnyamazisha, kwa sababu mtoto wa namna hii akishaona aibu kufungua mdomo, hasara yake ni kubwa kuliko kuchanganya.

Suala la shule ndilo linalokunyima usingizi, na linastahili jibu la taratibu. Unajua, kama ninavyojua, kwamba mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote kisha kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza katika karibu kila somo, na wengi huangukia hapo. Kwa hiyo sikulaumu kufikiria mchepuo wa Kiingereza. Ninachokataa ni hoja ya mjomba kwamba ni lazima mtoto awahi, la sivyo kipaji kitakufa. Kwa kujifunza darasani, kwa saa chache za wiki, kuwahi hakuna faida kubwa kama watu wanavyodhani. Huko Barcelona, Carmen Muñoz na wenzake waliwafuatilia wanafunzi walioanza Kiingereza wakiwa na miaka 8 na wengine walioanza wakiwa na miaka 11, na walipolinganishwa baada ya idadi ileile ya saa za masomo, walioanza wakubwa walikuwa mbele. Umri mdogo husaidia sana mtoto anapoishi ndani ya lugha yenyewe, kama binti yako anavyoishi ndani ya Kiiraqw.

Jim Cummins wa Kanada naye ametufundisha kutofautisha Kiingereza cha kucheza na Kiingereza cha kusomea. Watoto wa wahamiaji aliowachunguza walizungumza vizuri uwanjani baada ya miaka miwili hivi, lakini walihitaji miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzao katika lugha ya vitabu. Wazazi wetu husikia ile ya kwanza na kudhani wamepata ya pili. Lugha ya vitabu hujengwa kwa kusoma na kuelewa, na anayejua kusoma kwa ufahamu katika lugha moja huuhamishia uwezo huo kwenye nyingine. Kwa hiyo jambo la haraka kuliko kuhama shule ni kuhakikisha kwamba anasoma Kiswahili kirefu kwa raha: hadithi nzima, habari za gazeti, maelezo ya jinsi vitu vinavyofanya kazi. Maktaba ya mtandaoni ya African Storybook inatoa bure hadithi za watoto, nyingi zikiwa kwa Kiswahili na Kiingereza, na unaweza kuzipakua kwenye simu. Asome hadithi moja kwa Kiswahili leo na hiyohiyo kwa Kiingereza kesho, kisha aulizwe ni wapi mfasiri amebadilisha. Mtoto wenu ataupenda sana mchezo huo, nadhani.

Kama bado mnaweza kumudu ada na mnataka kuhama, nenda ukae nyuma ya darasa lao la tatu kwa asubuhi moja kabla ya kulipa chochote. Usitazame sare wala basi la shule. Sikiliza kama watoto wanatunga sentensi zao wenyewe au wanaitikia kwa pamoja na kunakili ubaoni. Sikiliza kama mwalimu mwenyewe yuko huru katika lugha anayofundishia. Na ukimkuta mtoto amevalishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili au kilugha, rudi nyumbani na mtoto wako. Shule hiyo inafundisha kuogopa lugha, jambo ambalo ni baya kwa mtoto yeyote na ni baya zaidi kwa huyu.

Kichina si wazo bovu, ila swali la kumrudishia mjomba ni hili: Jumamosi atakizungumza na nani? Lugha yenye toni na maandishi ya maelfu ya alama, ikifundishwa mara moja kwa wiki bila msemaji wa karibu, huishia kwenye wimbo mmoja wa siku ya wazazi. Itamsubiri, kwani Chuo Kikuu cha Dodoma na cha Dar es Salaam vyote vina Taasisi za Confucius zinazofundisha Kichina, na Kifaransa kina Alliance Française pale Arusha. Kama ni lazima lugha iongezwe sasa, ningechagua Kiarabu, kwa kuwa herufi na sauti anazo tayari na kinachokosekana ni maana. Mwombe ustadhi amfafanulie maneno machache kila juma. Mara atakapogundua kwamba kitabu, katibu na maktaba ni ndugu wa shina moja, atayatafuta mengine peke yake.

Mambo mawili ningeyaepuka. La kwanza ni kumwita mbele ya wageni "awasemeshe Kiiraqw". Inafurahisha mara mbili tatu, kisha mtoto hugeuka mwonyeshaji, akaridhika na salamu za lugha kumi badala ya kuzama katika moja, au huanza kuona haya na kukataa kabisa. Wala kaka zake hawatampenda kwa hilo. La pili ni kumtumia kama mkalimani katika mambo mazito. Kumfasiria bibi bei sokoni ni zoezi zuri. Kukaa kati ya bibi na daktari, kufasiri habari za ugonjwa, ni mzigo usiofaa kwa mtoto wa miaka minane, na kosa lake moja linaweza kumdhuru mgonjwa. Ukalimani kama kazi upo mbele yake, tena si mbali na kwenu: Arusha ina makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na hadi mwaka 2015 ilikuwa na mahakama ya kimataifa ya kesi za Rwanda, ambayo haingefanya kazi hata siku moja bila wakalimani wa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Akifika sekondari ya juu zipo tahasusi kama HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na KLF (Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa). Hayo ni ya baadaye, na hayahitaji kutajwa mezani kila siku.

La kuangalia kwa karibu miaka michache ijayo ni tofauti. Watoto wengi wa mjini, wakikaribia miaka kumi au kumi na miwili, huanza kumjibu bibi kwa Kiswahili hata anapowasemesha kwa lugha yake, kwa sababu wamehisi shuleni kwamba lugha hiyo haina heshima. Ikitokea, usimkaripie wala usimwambie bibi abadilike; bibi na aendelee na Kirangi chake. Mpeleke likizo ya Juni au ya Desemba kwa ndugu wa baba yake huko Kondoa, mahali penye watoto wa rika lake wanaocheza kwa Kirangi, na akae wiki kadhaa badala ya siku mbili za kutembea. Tena aende peke yake, bila kaka zake, maana wakifuatana watazungumza Kiswahili wao kwa wao, na watoto wa huko, kwa ukarimu wao, watawafuata.